Kalamu Inataka Mwanzi Uliokauka

  

Leo tunazungumzia kalamu. Naiweka kando ile ya plastiki inayouzwa dukani, ikiisha unatupa. Nazungumzia kalamu ya wino, ile ya nibu, unayoijaza na kuijaza tena miaka nenda rudi. Na kwa leo mwili wake uwe wa mwanzi, uliokatwa, ukakaushwa na kutengenezwa kwa mkono.

Najua kuna anayecheka hapo alipo. Anasema, bonde letu la Kilombero, la mpunga na miwa, kalamu za wino zinatokea wapi? Nivumilie, ndugu yangu. Nina hoja moja tu, na nitaisema mapema ili usije ukalala kabla sijaifikia. Mianzi tunayo. Mikono ya kazi tunayo. Tunachokosa ni subira ya kukausha na uangalifu wa kupima. Atakayekubali kujifunza hayo mawili anaweza kuitoa kalamu hapa Ifakara ikaandike mahali popote duniani.

Tuanze na mali yenyewe. Ukisimama kwenye Daraja la Magufuli la Mto Kilombero, lile la mita 384 ambalo tangu mwaka 2018 limetuondolea adha ya kivuko, ukatazama kando ya maji, unaona matete. Bonde hili la mafuriko liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima, na matete yamejaa humo. Geuza macho uangalie milima ya Udzungwa. Kule miteremkoni, kwenye makorongo, na nyuma ya nyumba za watu, ndiko iliko mianzi. Watu wa mimea wanatuambia kwamba mwanzi, tete, mpunga na muwa ni ukoo mmoja, ukoo wa nyasi. Kwa hiyo bonde zima hili linaishi kwa nyasi: moja tunaila, nyingine tunaikamua sukari, na nyingine tunaijengea.

Mwanzi hatujaanza kuujua leo. Wavuvi wanasuka migono, wajenzi wanakata fito, akina mama wanatengenezewa vichanja vya vyombo. Wenzetu wa Iringa wanasuka matenga ya kubebea nyanya, na wao pamoja na watu wa Njombe wanagema ulanzi, pombe ya mwanzi, masika inapoingia. Ulanzi una gharama yake pia: chipukizi likishakatwa ncha likagemwa, halikui tena kuwa mwanzi. Mwenye kichaka lazima aamue machipukizi yapi ayanywe na yapi ayaache yasimame.

Kimataifa nako tumo. Mwaka 1997 lilipoanzishwa Beijing shirika la kimataifa la mianzi na henzirani, linalojulikana kama INBAR, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 9 za kwanza kutia saini. Tumekaa kwenye meza hiyo tangu siku ya kwanza. Hata hivyo mwanzi wetu mwingi bado unatoka kichakani ukiwa mbichi, unauzwa kwa mzigo, na bei yake ni bei ya kuni iliyonyooka.

Sasa tuje kwenye kalamu. Asikudanganye mtu kwamba kalamu ya mmea ni uigaji wa mambo ya Ulaya. Huku kwetu Afrika Mashariki watu wameandika kwa kalamu za kuchonga kwa karne nyingi. Kule Siyu, katika kisiwa cha Pate, karne ya 18 na ya 19 waandishi walinakili misahafu mizima kwa mkono, kwa wino mweusi na mwekundu. Watoto wa vyuo vya Kurani pwani wakaandika kwenye ubao wa mti kwa wino wa masizi. Na mpaka leo wapo wanaoandika kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji na mgonjwa akanywa.

Lamu alikuwako Muhamadi Kijumwa, aliyefariki mwaka 1945. Huyu alikuwa mshairi, alikuwa na mwandiko wa kutamanisha, na alikuwa mchonga mbao. Wazungu waliokuwa wakitafuta tungo za Kiswahili walimpa kazi ya kuzinakili, na hati alizoziandika zimehifadhiwa London na Ujerumani. Namtaja Kijumwa kwa sababu mkono ulioshika patasi ndio huohuo ulioshika kalamu. Zamani kuandika na kuchonga vilikaa baraza moja. Sisi ndio tuliovitenganisha, tukampeleka mmoja ofisini na mwingine chini ya mwembe.

Na wazee wetu waliosoma shule za zamani watakumbuka dawati lenye tundu la kidau cha wino pembeni. Kalamu ilikuwa mpini wa mti wenye nibu ya chuma. Unachovya, unaandika maneno machache, unachovya tena. Mwanafunzi mwenye haraka alijulikana kwa shati lake.

Kalamu hiyo ya kuchovya inabeba tone moja. Kalamu ya wino, ya kujaza, inabeba akiba ya siku kadhaa, na ugumu wote wa utengenezaji unaanzia hapo. Chukua dumu la maji la lita 20, lijaze, kisha ligeuze mdomo chini. Maji hayatoki kwa utulivu. Yanatoka kwa kwikwi, kwa sababu kila yanapotoka kidogo hewa lazima iingie ishike nafasi yake. Kalamu ya wino ni dumu lililogeuzwa, na wewe unataka lisipige kwikwi hata mara moja juu ya karatasi.

Mromania mmoja, Petrache Poenaru, alipata hataza ya kalamu yenye akiba ya wino huko Paris mwaka 1827. Lakini aliyepata sifa ya kuifanya itulie ni Lewis Waterman wa New York, mwaka 1884. Kama una kalamu ya wino hapo ulipo, itazame chini ya nibu. Utaona kipande cheusi chenye mifereji, ndicho kilishio. Mfereji mwembamba wa katikati ndio unaoteremsha wino huku hewa ikipanda kwa njia hiyohiyo, kidogo kidogo. Zile mbavu za pembeni ni za kushika wino unaozidi usidondoke. Kipande hicho kisipokuwa sawa, mwanzi wako uwe mzuri namna gani, umetengeneza pambo.

Basi fundi anaanzia wapi? Anaanzia kichakani, na kichakani anaanza kwa kukataa. Mwanzi haunenepi kadiri unavyozeeka. Unene uliotoka nao ardhini ndio utakaokufa nao. Urefu wake unaumaliza ndani ya miezi michache, kisha miaka inayofuata ni ya kukomaa. Mwanzi wa mwaka mmoja unaonekana mkubwa kumbe ni mtoto. Bado una maganda kwenye vifundo, rangi yake ni mbichi, ukiugonga kwa kisu sauti yake ni butu. Uliotimiza miaka mitatu au zaidi maganda yameshaanguka, una madoa ya kijivu kwenye ngozi, na ukiugonga unalia. Huo ndio wako. Ukate kiangazi, kati ya Julai na Septemba, mvua zimeshapita na maji yamepungua mwilini mwake. Na uukate juu kidogo ya kifundo, maji ya mvua yasije yakatuama kwenye kisiki yakaozesha mizizi.

Halafu kuna suala la sehemu gani ya mwanzi. Shina la chini linajaza kiganja. Hakuna anayeandika kwa gongo. Kalamu inataka kipenyo cha milimita 12 hadi 15 hivi, na kipenyo hicho kinapatikana kule juu, kwenye ncha na matawi yaliyokomaa. Yaani kule ambako msuka matenga anakata na kutupa. Mtengeneza kalamu na msuka matenga hawagombani. Mmoja anaanza kazi pale mwenzake anapomaliza. Tena mwanzi wetu wa ulanzi una jambo jema: ukuta wake ni mnene, na sehemu za juu mara nyingi zimekaribia kuziba kabisa. Anayetafuta bomba la kupitisha maji atalalamika. Mtengeneza kalamu atafurahi, kwa sababu atatoboa tundu kwa kipimo anachotaka yeye.

Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu. Mwanzi umekatwa Jumatatu, Jumatano umeshakuwa kitu cha kuuzwa. Baada ya mwezi umepasuka, au chini yake kuna unga wa njano. Unga huo ni kazi ya bungua. Mkulima wa mahindi anamjua dumuzi, yule tuliyembatiza jina la Scania. Basi mdudu anayetoboa mwanzi ni wa familia moja na dumuzi, na anafuata jambo lilelile, wanga. Mwanzi mbichi umejaa wanga na sukari. Ukimwondolea chakula chake, hana sababu ya kuingia.

Namna ya kumnyima chakula ni kuloweka. Vipande vilivyokatwa vikazidishwa urefu kidogo vinazamishwa kwenye maji wiki tatu au nne, na maji yanabadilishwa kila yanapoanza kunuka. Maji ya mto yanayotembea yangefaa zaidi, lakini Mto Kilombero una mamba na viboko, na hakuna kalamu yenye thamani ya mguu. Tumia pipa nyumbani. Asiyeweza kungoja anaweza kuchemsha vipande kwa saa moja, akaongeza boraksi na asidi ya boriki majini, dawa ambazo mafundi wa mianzi duniani kote wanazitumia kuzuia wadudu.

Kisha kukausha. Kivulini, si juani. Vipande visimame wima, upepo upite katikati, na miisho ipakwe nta ili isikauke kwa kasi kuliko tumbo. Hii ni kazi ya miezi mitatu mpaka sita, na unyevu wa masika yetu unaweza kuirefusha. Utajuaje kwamba umekauka? Usiulize vidole. Chukua mizani ndogo, pima kipande kila wiki, andika uzito wake kwenye daftari. Uzito utashuka, utashuka, halafu utasimama. Ukisimama wiki kadhaa mfululizo bila kubadilika, mwanzi umekuambia wenyewe.

Baada ya hapo ndipo moto. Washa jiko la mkaa, subiri moshi uishe kabisa yabaki makaa mekundu. Kabla hujasogeza kitu, hakikisha pingili imetobolewa. Pingili iliyozibwa kifundo huku na kifundo huku ikipata moto hulipuka kwa sauti ya kufukuza kuku. Sasa shika kipande kwa koleo au kwa mkono uliovaa glavu, kizungushe juu ya makaa bila kukituliza sehemu moja. Kwanza ule ukijani uliobaki unakimbia. Kisha ngozi inaanza kutoka jasho: vitone vya mafuta vinachomoza, vinang'aa, vinaanza kutiririka. Mkono wa pili una kitambaa cha pamba. Unafuta, unazungusha, unafuta tena, na kila ukifuta ngozi inazidi kuwa ya kahawia hafifu na kung'aa pasipo vanishi. Ukichelewa sekunde chache kuna doa jeusi ambalo halitoki. Na kama kipande kimepinda, wakati wake ni huo. Kiingize kwenye tundu la ubao mzito, kikandamize taratibu pale palipopinda, kishikilie mpaka kipoe. Waswahili wanasema samaki mkunje angali mbichi. Mwanzi, mnyooshe ungali moto.

Tukifika hapo bado hatuna kalamu. Tuna kijiti kizuri. Sasa ndipo inapokuja kazi ya kupima. Seremala wa vitanda akikosea milimita moja anagongelea kabari, maisha yanaendelea. Kwenye kalamu milimita moja ni nyingi mno. Pampu ndogo ya kuvutia wino inataka tundu la zaidi kidogo ya milimita 8. Tundu likibana, pampu haiingii. Likipwaya kupita kiasi, ukuta wa mwanzi unabaki mwembamba na utapasuka. Kwa hiyo kalipa, kile kipimo tulichofundishwa darasa la fizikia tukakisahau, ndicho chombo cha kwanza cha fundi huyu. Kisu na keekee vinafuata. Na awe na jiwe la kunolea karibu, maana ngozi ya mwanzi ina silika, madini yaleyale ya mchanga, na inamaliza makali upesi.

Mwanzi una udhaifu mmoja mkubwa: haushiki thredi. Nyuzi zake zote zinakwenda kwa urefu, ukijaribu kukata mizunguko ya kufungia inamomonyoka. Kwa hiyo shingo ya kalamu, pale vidole vinaposhika na nibu inapokaa, inatengenezwa kwa kitu kingine. Mafundi wa nje wanatumia eboniti au plastiki ngumu. Sisi tuna mpingo. Mti huu unatengenezewa zumari duniani kwa sababu ni mzito, hauogopi unyevu na unashika thredi vizuri. Kipande cha urefu wa kidole kinatosha shingo na pete ya ndani ya mwili, na masalia ya wachongaji yapo. Ila tukumbuke kwamba tangu mwaka 2017 mpingo na jamaa zake wako chini ya mkataba wa CITES wa kulinda viumbe vilivyo hatarini, kwa hiyo mti wako uwe na karatasi zake.

Pete ya mpingo inagundishwa ndani ya mwanzi kwa araldaiti, shingo inafungwa humo, nibu na kilishio chake vinaingizwa kwenye shingo. Kifuniko kinatengenezwa kwa kipande kinene zaidi, nacho kinavalishwa mrija wa shaba au wa mpingo ndani. Usiudharau mrija huo. Mwanzi mtupu unapitisha hewa, na kifuniko kinachopitisha hewa kinakausha nibu usiku kucha. Asubuhi mwenye kalamu anaikwaruza, haiandiki, anakulaani wewe uliyemuuzia.

Kuna majaribu mawili ambayo kila kalamu ya mwanzi ya bonde hili lazima ifaulu. La kwanza ni unyevu. Mwanzi uliokauka Ifakara wakati wa masika bado una maji kuliko hewa ya Dodoma inavyotaka. Ukiupeleka kule unasinyaa, ile shaba ya ndani haisinyai, mwanzi unapasuka kwa urefu. Ndiyo maana nasisitiza mizani na daftari, na ndiyo maana tundu la mwanzi liachwe nafasi kidogo ya gundi, lisibane mrija.

Jaribu la pili ni mlima. Panda gari Ifakara, vuka daraja, kata Lupiro, panda mpaka Mahenge. Njiani unapanda mamia ya mita, na kadiri unavyopanda hewa ya nje inapungua nguvu. Hewa iliyofungiwa ndani ya kalamu inatanuka, inasukuma wino, na kalamu iliyokuwa nusu tupu inatapika mfukoni. Kosa hapo ni la msafiri, fundi hana lawama. Kabla ya kupanda, jaza kalamu yako kabisa ili hewa ndani iwe kidogo, au imwage, na uiweke nibu ikitazama juu.

Wino nao una mambo yake. Wino wa masizi na gundi, ule wa babu zetu, unadumu karne kwenye karatasi, lakini usiuweke ndani ya kalamu ya kujaza. Chembe za masizi na gundi zinakaa kwenye mfereji, zinakauka, na kalamu inakufa. Kalamu ya kujaza inataka wino wa rangi iliyoyeyuka majini, na kuoshwa kwa maji safi mara kwa mara. Wino wa masizi uachie kalamu ya kuchovya, hapo hauna mpinzani.

Mtu ataniuliza: na nibu je, tutaitengeneza Ifakara? Kwa leo, hapana, na tusione aibu kusema hivyo. Nibu inataka chuma chembamba, mpasuko usioonekana kwa urahisi, na kidonge cha madini magumu kwenye ncha. Nibu zinanunuliwa Ujerumani, Uhindi na China kwa saizi zinazojulikana, namba 5 na namba 6. Lakini kuna mfano unaonipa moyo. Kule Rajahmundry, Uhindi, K. V. Ratnam alianza kutengeneza kalamu za wino baada ya Gandhi kumhimiza atengeneze kitu cha kwao kitakachowafaa watu. Mwaka 1935 Gandhi alimwandikia barua ya shukrani kwa kalamu aliyopelekewa. Karakana ile ilitoka mji wa mkoani, mbali na viwanda vikubwa, na ilianza na ustadi uliokuwapo mikononi. Sisi tulitangaza kujitegemea Arusha mwaka 1967. Kujitegemea kwa maana niliyoielewa mimi ni kujua kipi unakiweza sasa ukifanye vizuri hasa, na kipi ukinunue bila kujidanganya.

Tena bonde hili si geni kwa mashine ya kukereza. Wakati wa kujenga reli ya TAZARA, kati ya 1970 na 1975, Mang'ula ilikuwa na karakana kubwa ya mitambo. Wapo watu wazima katika bonde hili waliozikuta mashine zile, na wapo waliofundishwa nao. Akina mama wa Ifakara wanafuma vitambaa kwa mkono na kuviuza mbali. SIDO, shirika letu la viwanda vidogo tangu mwaka 1973, kazi yake ni kumshika mkono mtu wa namna hii. Hakuna kilichopungua ila mtu wa kuanza.

Lakini nani atanunua kalamu ya wino zama hizi za simu? Swali la haki. Sitakuambia kwamba kila mwanafunzi wa Kilombero atabeba kalamu ya mwanzi. Hatabeba, na haitakuwa ya bei yake. Wanunuzi ni wengine. Kuna mgeni anayekuja kutazama maporomoko ya Sanje na kima wa Udzungwa, anatafuta kitu cha kurudi nacho ambacho hakikutengenezwa mbali. Kuna maharusi wanaotaka kusaini cheti cha ndoa kwa kitu watakachokiweka. Kuna anayestaafu, kuna anayehitimu, kuna mwandishi wa khati wa Zanzibar au Lamu, na kuna Watanzania walioko nje wanaotaka kipande cha nyumbani mezani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na kalamu inajiuza kwa kuandika. Mnunuzi mmoja aliyepata kalamu inayovuja atawaambia kumi.

Na mianzi yenyewe tuilinde. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, si mahali pa kuingia na panga. Misitu mingine ya hifadhi ina utaratibu wake wa vibali kupitia Wakala wa Huduma za Misitu. Njia rahisi kuliko zote ni kupanda wa kwako. Chimba kipande cha shina chenye mzizi wake kutoka kichaka cha jirani, kwa ruhusa yake, ukipande mwanzo wa mvua kando ya mfereji. Kalamu haimalizi kichaka. Kijiti kimoja kilichokomaa kinatosha kalamu kadhaa.

Sasa niseme na wewe unayenisikiliza, hasa kijana na mwalimu. Usianze na kalamu ya kujaza. Anza na ya kuchovya, maana itakufundisha mwanzi unavyokatika. Chukua kijiti kikavu chenye unene wa kidole kidogo. Kata mwisho wake mshazari mrefu. Kwangua nyama ya ndani ibaki ngozi ngumu. Punguza mabega pande mbili ncha iwe nyembamba, pasua ufa mfupi katikati kwa kisu kikali, kisha ikate ncha mraba kwa pigo moja kwenye ubao mgumu. Chovya kwenye wino, andika jina lako. Ikikwaruza, nyoosha ncha kwa msasa laini. Ikidondosha, fupisha ufa. Ni kazi ya mchana mmoja, na darasa zima linaweza kuifanya.

Na wewe mwenye kichaka cha mianzi nyuma ya nyumba, kiangazi hiki fanya jambo moja. Chagua mwanzi uliotimiza miaka mitatu, kata ncha na matawi yake, loweka, kausha kivulini, na uandike uzito kila wiki. Usimwuzie mtu kitu chochote mpaka mizani ikuambie. Bonde letu limezoea mazao ya msimu mmoja. Kalamu ni zao la subira, na atakayekubali kusubiri ndiye atakayepanga bei.